Ajali na Kinga Yake: Habari za Gari na Kusimama Kwake katika Kariakoo

Wazee wetu wametuachia msemo ya kwamba ajali haina kinga. Msemo huu husikika matangani, husikika katika vituo vya polisi, na husikika kando ya barabara pale watu wanapoizunguka maiti iliyofunikwa khanga, kila mmoja akitafuta neno la kusema na asilipate jingine. Ni neno la faraja, na faraja haistahili kudharauliwa. Lakini neno la faraja likitumiwa mahali pa hoja hugeuka pazia, nalo pazia huwaficha walio nyuma yake.

Neno ajali kwa asili yake ya Kiarabu ni muhula uliowekwa. Waswahili walilitumia kwa siku ya kufa, siku ambayo mwanadamu hawezi kuisogeza mbele wala kuirudisha nyuma. Baadaye neno lilo hilo likapewa kazi ya pili, nayo ni kutaja gari lililomgonga mtu. Tangu hapo mambo mawili yaliyo mbalimbali yameketi katika kiti kimoja. La kwanza ni muhula, nao si wetu kuupima. La pili ni umbali ambao gari hulazimika kwenda tangu dereva aonapo hatari mpaka magurudumu yaache kuzunguka, na umbali huo hupimwa kwa mita kama kitambaa kinavyopimwa dukani. Nia yangu katika makala hii ni kuyatenga mambo hayo mawili, na mahali nilipopachagua kwa kazi hiyo ni Kariakoo, kwa sababu historia ya mtaa huo ni historia ya mguu uliopokea gurudumu kabla ya kuambiwa masharti yake.

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Majid alifariki mwaka 1870 kabla ya kuukamilisha, na mji ukalala usingizi mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 ilipimwa mitaa iliyonyoka, yenye kukatana kwa pembe mraba, upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, uwanja ambao watawala waliutaka utenganishe makazi ya Waafrika na mji wa biashara na serikali. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliweka huko kambi ya wachukuzi wa jeshi lao, waliojulikana kwa jina la Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, kama lilivyolainishwa Nairobi likawa Kariokor.

Yafaa tuwakumbuke wachukuzi hao kidogo. Vita ile ilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi, na ambayo barabara za kupitisha gari zilikuwa chache. Basi chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani mwa watu. Wachukuzi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mchukuzi mwenye mzigo wa ratili 60, yaani yapata kilo 27, alikwenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Alipoona nyoka njiani alisimama kwa hatua moja. Na mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa ajili ya watu wa mwendo huo: watu waliokwenda kwa miguu, waliosalimiana wakiwa njiani, waliovuka upande huu na upande huu bila ya kuomba ruhusa, na ambao watoto wao walicheza barazani mbele ya nyumba, hatua chache kutoka katikati ya njia.

Lugha yetu nayo yatoa ushahidi. Gari lilipofika pwani tulilipa jina lililotoka kwa Wahindi. Chombo cha kuligeuza tulikiita usukani, neno la mabaharia, kwa maana nahodha na mwendesha gari wote wawili hushika kitu cha kuelekeza chombo. Lakini kitu cha kulisimamisha tulikiita breki, neno la Kiingereza, wala hatukupata la kwetu. Sababu yake si umaskini wa lugha. Jahazi halina breki: nahodha hutua tanga, huacha chombo kipoteze mwendo wake majini, kisha hutia nanga. Mchukuzi hana breki ila miguu yake. Haja ya kukiua kwa ghafula mwendo mkubwa wa kitu kizito haikuwapo katika maisha yetu, na palipokuwa hapana haja hapakuwa na neno.

Haja hiyo iliingia na injini. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulivuka bara la Afrika, na tarehe 1 Mei 1909 alifika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki. Safari yake ilichukua karibu miezi 21, na shida yake kubwa ilikuwa kulifanya gari liende. Nusu karne baadaye, shida ya mji alioondokea ilikuwa imegeuka: magari yalikwenda vizuri, na swali likawa ni jinsi ya kuyasimamisha.

Mtu atakaye kuijua sheria ya kusimama asianze na kitabu. Na aende Kariakoo asubuhi akamtazame mwenye mkokoteni. Amebeba magunia ya vitunguu au viroba vya unga, pengine kilo 500, na breki yake ni visigino vyake. Akiwa anakwenda kilomita 3 kwa saa na mtu akamkatiza, hujitupa nyuma, hukaza miguu, na mkokoteni husimama baada ya nusu mita. Sasa tuseme ana haraka, anakwenda kilomita 6 kwa saa, na nguvu za miguu yake ni zile zile. Wengi watadhani ya kwamba, kwa kuwa mwendo umezidi mara mbili, umbali nao utazidi mara mbili uwe mita moja. Sivyo. Utakuwa mita 2. Na kama mteremko ungempeleka kilomita 9 kwa saa, angehitaji mita 4 na nusu. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, huzidi mara tisa. Mwenye mkokoteni hakufundishwa hesabu hii, lakini mwili wake waijua, na kwa sababu hiyo humsikia akipiga kelele za kuomba njia mapema, kabla ya kukaribia watu.

Wanadamu walichukua muda mrefu kuiandika sheria hiyo. Ibn Sina, aliyeishi kati ya 980 na 1037, alifundisha ya kwamba kitu kilichorushwa hupewa mwelekeo wa kwenda, na ya kwamba mwelekeo huo haufi wenyewe bali huuawa na kizuizi cha nje, kama vile hewa. Huo ni msingi wa maneno yote yatakayofuata, maana gari halisimami kwa kuchoka. Husimama kwa kuzuiwa. Galileo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, alionyesha jinsi kitu kinachoanguka kinavyoongeza mwendo wake, na kwamba umbali wa kuanguka hukua kama muda unaozidishwa kwa muda. Mwaka 1686 Leibniz wa Ujerumani alishindana na wafuasi wa Descartes, akashikilia ya kwamba nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hupimwa kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, wala si kwa mwendo peke yake. Mabishano yakawa makali. Katika miaka ya 1720 Mholanzi 's Gravesande aliangusha tufe za shaba juu ya udongo laini, akaona ya kwamba tufe lenye mwendo mara mbili lilichimba shimo mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet akaueneza ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka 1740. Udongo ule laini wa Uholanzi na visigino vya mwenye mkokoteni wa Kariakoo hutoa jibu moja.

Sehemu ya pili ya elimu hii ni msuguano. Amontons mwaka 1699, na Coulomb mwaka 1785, walionyesha ya kwamba nguvu ya msuguano hufuata uzito unaokandamiza: kitu kikiwa kizito mara mbili, msuguano wake na ardhi nao huwa mara mbili. Hapa hutoka jambo ambalo wengi hulistaajabia. Gari zito lina nguvu kubwa zaidi ya mwendo, lakini pia hukamatwa zaidi na barabara, na mambo hayo mawili hufutana. Kwa hesabu tupu basi na gari dogo, vyenye tairi nzuri na breki nzima, vingesimama kwa umbali ulio sawa. Msomaji asiharakishe kufurahi, kwa maana breki zenyewe zina mipaka yake. Nguvu ya mwendo haipotei. Hugeuka joto katika breki. Basi dogo la tani 6 lililojaa watu likisimama kutoka kilomita 50 kwa saa huacha katika breki zake joto linalotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bombani. Kila kituo ni birika moja la chai. Katika njia yenye vituo vingi, au katika mteremko mrefu, breki zisipopata nafasi ya kupoa hupungua nguvu. Na gari lililozidishiwa abiria na mizigo hutia joto kuliko lile ambalo breki zake ziliundwa kulistahimili.

Jambo la tatu lahusu mwili wa dereva. Kwa karne nyingi watu walidhani ya kwamba kuona na kutenda ni kitu kimoja. Mnamo 1850 Helmholtz alitangaza vipimo alivyovifanya katika mishipa ya fahamu ya chura, akaonyesha ya kwamba habari husafiri mwilini kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini una kiasi. Macho huona, akili hutambua, mguu huondoka kwenye mafuta na kukanyaga breki, na kazi hiyo yote humchukua dereva mzima, aliye macho, yapata sekunde moja. Mlevi, mwenye usingizi na mwenye simu mkononi huchukua zaidi. Katika sekunde hiyo breki bado haijafanya lolote, na gari huenda kama lilivyokuwa likienda.

La mwisho lilijulikana katika reli. Mwaka 1878 Kapteni Douglas Galton, pamoja na Westinghouse, alifanya majaribio ya breki za treni huko Uingereza, na ikathibitika ya kwamba gurudumu lililogandishwa likaburuzwa huzuia kidogo kuliko gurudumu linalozuiwa huku bado likizunguka. Dereva anayeacha mistari mirefu myeusi juu ya lami hudhani amefanya kila awezalo. Kumbe ametupa sehemu ya msaada wa barabara, na tena amepoteza usukani, maana gurudumu lisilozunguka halifuati usukani.

Sasa tuweke hesabu. Tuchukue lami kavu na tairi nzuri, ambapo msuguano hufikia saba ya kumi ya uzito wa gari, na dereva wa sekunde moja. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8.3 kabla ya breki kuanza, kisha mita 5.1 katika kuzuiwa. Jumla mita 13.4. Gari la kilomita 50 hupita mita 13.9, kisha 14.1, jumla mita 28. Gari la kilomita 60 hupita mita 16.7, kisha 20.2, jumla karibu mita 37. Gari la kilomita 80 huhitaji zaidi ya mita 58.

Namwomba msomaji aziangalie tarakimu mbili katika hizo. Gari la kilomita 30 limekwisha simama kabisa katika mita 13.4. Gari la kilomita 50, likiwa mahali pale pale, halijaanza hata kupunguza mwendo. Tena tuchukue magari mawili yaliyo sambamba, la kilomita 50 na la kilomita 60, na mtoto aliye mita 28 mbele. La kwanza lasimama likimgusa kwa kivuli tu. La pili lamfikia likiwa bado na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Dereva wa gari la pili atakapoulizwa, atasema kwa kiapo ya kwamba alizidisha kilomita 10 tu, na atakuwa mkweli. Yule mtoto hakugongwa na kilomita 10. Aligongwa na 40.

Na masika ikifika, maji, vumbi na mafuta hufanya utelezi juu ya lami. Msuguano ukishuka mpaka nne ya kumi, gari la kilomita 50 huhitaji karibu mita 39. Barabara haikubadilika kwa macho, ila imerefuka kwa mita 11.

Kwa mtu ambaye mita na kilomita hazimwambii kitu, upo mfano mwingine, nao waweza kuchukuliwa kutoka jina la Mnazi Mmoja lenyewe. Kwa sheria ya Galileo, kupigwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 3 na nusu. Kilomita 40 ni sawa na mita 6 na zaidi. Kilomita 50 ni sawa na karibu mita 10, na kilomita 60 ni zaidi ya mita 14. Kila mtu wa pwani amepata kusikia habari za mkwezi aliyeanguka. Aliyeanguka kutoka mnazi mchanga huvunjika mguu akapona. Aliyeanguka kutoka mnazi mrefu hupelekwa makaburini. Hakuna mzazi atakayemruhusu dereva ampandishe mwanawe juu ya mnazi wa mita 14 na kumwachia. Lakini ruhusa hiyo hutolewa kila siku katika barabara zetu, kwa kunyamaza.

Tuirudie historia ya mji. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 watu 272,821. Mwaka 2022 mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Mtaa wa Kichwele ukaitwa Uhuru baada ya nchi kujitawala mwaka 1961, na soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Nyumba za chini za Kiswahili zikabomolewa, yakapanda maghorofa. Lakini mitaa ikabaki na upana wake ule ule uliopimwa kabla ya vita. Ndani ya upana huo mmoja huingia leo malori ya mizigo, mabasi, bajaji, bodaboda, mikokoteni, wamachinga na bidhaa zao, na maelfu ya wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani.

Usafiri wa watu nao una masimulizi yake. Kampuni ya mabasi ya mji iliyokuwa ya Waingereza ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam. Mabasi yakawa machache kuliko watu, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, ambayo nauli yake ya shilingi 5, yaani dala, iliyapa jina la daladala. Hapo sheria ya pili ikaingia barabarani. Dereva wa daladala aghalabu hakuwa na mshahara. Alipaswa kumpelekea tajiri hesabu ya siku, na kilichozidi ndicho kilichokuwa riziki yake na ya kondakta wake. Aliyefika kwanza kituoni alipata abiria. Aliyefika wa pili alipata vumbi. Basi dereva alisimama kati ya sheria mbili, moja ya Galileo na moja ya tajiri, na ile ya tajiri ilimdai kila jioni, ilhali ile ya Galileo humdai mtu siku moja tu. Sisemi haya kumtoa dereva katika lawama. Nasema ya kwamba anayemfundisha dereva hesabu ya breki na asiiguse hesabu ya tajiri, amefanya nusu ya kazi.

Na sheria ya nchi? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo katika maeneo yenye makazi. Kwa barabara pana yenye njia za miguu zilizotengwa, kiasi hicho chaweza kutetewa. Lakini katika mitaa ya sokoni mtu hutokea nyuma ya lori lililoegeshwa, au nyuma ya meza ya nguo, akiwa mita 10 tu mbele ya gari. Kwa mita 10, gari la kilomita 50 humgonga kwa mwendo wake wote, kabla breki haijaguswa. Gari la kilomita 30 humfikia likiwa na kilomita 24. Gari la kilomita 20 huhitaji chini ya mita 8, na husimama. Tusiitafute basi katika kitabu cha sheria sababu ya mwendo wa Kariakoo. Tuitafute katika umbali ambao jicho huweza kuona. Pale jicho lionapo mita 10, gari lolote lipitalo kilomita 20 huendeshwa kwa bahati, hata kama polisi hana la kusema.

Ikiwa yupo anayedhani ya kwamba kusimama ni jambo dogo ukilinganisha na kwenda, akumbuke tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, mji huu huu, ilikuwa ikipanda mlima karibu na Igandu katika mkoa wa Dodoma. Breki zikashindwa kuishika, ikaanza kurudi nyuma, ikazidi kasi kadiri ilivyoteremka, na mwishowe ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Injini yake haikuwa na lawama ya kukosa kwenda. Watu wale waliuawa na mwendo usiopata wa kuuzuia. Nchi ililia, na wengi wakasema ajali haina kinga.

Lakini historia ya miaka ya karibu yaonyesha ya kwamba kinga ipo pale inapotafutwa. Mei 2016 mabasi ya mwendo kasi yalianza kazi katika njia yake ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na tawi la kwenda Morocco na tawi la Gerezani lipitalo Mtaa wa Msimbazi. Kutenga njia ya basi na njia ya watu ni kukubali ya kwamba miendo miwili iliyo mbalimbali haiwezi kulala kitanda kimoja. Ila hapo wanapovuka watu kwenda sokoni, sheria ya mwendo mara mwendo haikutengwa na kitu, na jina zuri la mwendo kasi halipunguzi hata mita moja. Tena shirika la Amend limejenga njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule za msingi za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, kazi iliyopewa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji, ya kwanza ya aina yake. Na Februari 2020 mawaziri na wajumbe waliokutana Stockholm waliazimia ya kwamba kilomita 30 kwa saa uwe mwendo wa juu mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Tuta la lami ni kitu duni kwa macho, na madereva hulilaani. Lakini tuta halilali, halipokei rushwa, na halimwogopi mwenye gari kubwa. Nalo hufanya kazi mahali panapofaa zaidi kuliko pote, yaani kabla ya ile sekunde moja kuanza.

Nimesimama mara nyingi katika pembe ya Msimbazi na Uhuru nikitazama wanawake wenye vikapu na watoto wa shule wakivuka. Huinua mkono mmoja mbele ya gari, kana kwamba kiganja chaweza kulishika. Zamani kiganja hicho kingetosha, kwa maana aliyekuja mbele alikuwa mchukuzi mwenye mzigo kichwani, naye angesimama kwa hatua moja. Mkono umebaki na desturi ya mtaa wa miguu, na kilichokuja mbele yake ni chuma cha tani nyingi. Hatuwezi kuibadili sheria ya chuma hicho. Leibniz hakuitunga, aliikuta. Lakini mwendo unaoingizwa katika sheria hiyo hutungwa na watu: na dereva, na tajiri wake, na mpima barabara, na mwenye kuegesha lori pembeni mwa kivuko, na halmashauri iliyopewa kazi ya kuiweka pembe ya njia iwe wazi.

Kwa hiyo naona ni vema tuirudishie ajali maana yake ya kwanza, tuiache iwe muhula ambao hakuna aujuaye. Mtu akigongwa sokoni, tusiseme haraka kwamba muhula umefika. Tupime kwanza. Tuulize gari lilikuwa na mwendo gani, jicho la dereva liliona mita ngapi, tairi lilikuwaje, breki zilitazamwa lini, na hesabu ya siku hiyo ilikuwa shilingi ngapi. Yakijibiwa yote hayo na bado pakabaki jambo lisiloelezeka, hapo tutakuwa na haki ya kusema ya kwamba halikuwa na kinga. Na mwenye mkokoteni, ambaye hana injini wala leseni wala kitabu, ataendelea kupaza sauti yake mapema kabla ya kuwafikia watu, kwa kuwa aujua uzito alioubeba na azijua nguvu za visigino vyake.